Sola ya angani au ya ardhini: ipi ina nafuu?

Wazo la kuvuna jua angani si geni. Mhandisi Peter Glaser wa Marekani alilitoa mwaka 1968. Setilaiti inakusanya mwanga, inaugeuza kuwa mawimbi ya maikrowevu, na antena za ardhini zinayarudisha kuwa umeme.

Kwa uhakika, anga inashinda. Huko juu mita moja ya mraba hupata takriban wati 1,360. Chini, saa sita mchana bila wingu, ni kama 1,000, na usiku sifuri. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta huingia kivulini mwa Dunia dakika zisizozidi 72 kwa siku, tena katika misimu miwili tu ya mwaka.

Bei ndipo kibao kinapogeuka. Ripoti ya NASA ya Januari 2024 ilipima miundo miwili ikapata dola 0.61 na 1.59 kwa uniti, wakati sola ya ardhini ni senti chache. Na majaribio bado machanga: mwaka 2023 kifaa cha Caltech, chuo kikuu cha California, Marekani, kiliwasha taa mbili za LED kikiwa angani, na mawimbi yake yakanaswa juu ya paa huko Pasadena. Taa mbili!

Matengenezo? Paneli ya bati lako inataka ngazi, ndoo na kitambaa. Ile ya juu inataka roboti.

Kwa nyumba au kisima cha kijiji, nunua paneli na betri leo. Ila ukipanga gridi ya nchi yenye baridi ndefu na giza, kama Uingereza, ya angani inastahili kufuatiliwa.