Kumtoa kaka kwenye hati ya nyumba Minnesota: wakili niliyemlipa na kazi aliyonifanyia

Watu wa kwetu hapa Brooklyn Park wananiuliza kama ni kweli nilimlipa wakili kwa karatasi mbili tu. Ni kweli, na nitaeleza pesa zilikwenda wapi.

Nyumba tuliinunua mimi na kaka yangu mwaka 2021, majina mawili kwenye hati na majina mawili kwenye mkopo. Kaka akapata kazi Texas, akataka kujitoa. Tukakubaliana nimpe dola 20,000, nyumba ibaki yangu peke yangu. Ndugu wakitaka kumalizana hivyo hapa Minnesota, hati wanayotumia kwa kawaida ni quit claim deed, yaani hati ya kuachia haki.

Hati yenyewe haina siri. Fomu yake, namba 10.3.1, iko bure kwenye tovuti ya Idara ya Biashara ya jimbo. Anayesaini anasema hivi: haki yoyote niliyo nayo kwenye mali hii, kama ninayo, namwachia fulani. Haapi kwamba mali ni yake, wala haahidi kwamba hakuna mdai nyuma yake. Mimi naweza kukusainia leo hati ya namna hiyo kuhusu Ikulu ya Nairobi, na utapata chote ninachomiliki pale, yaani patupu. Ndiyo maana hutumiwa na ndugu, mume na mke, au waliotalikiana, si na mtu anayenunua nyumba kwa asiyemjua.

Nilikuwa nimechungulia huduma za mtandaoni zinazokujazia fomu. Bei yao ilikuwa kama robo ya ile ya wakili. Wanauliza jina la anayetoa, jina la anayepokea, anwani, kadi ya benki, basi. Wakili niliyempata ana ofisi ndogo, yeye na msaidizi mmoja. Alitaka dola 400 kwa hati, na malipo ya saa kwa jambo lolote litakalozuka. Kabla hajaandika hata herufi moja alianza maswali, na kwangu mimi maswali yale ndiyo yaliyostahili zile dola 400.

Alianza na mkopo. Alituambia wazi kwamba hati inamtoa kaka kwenye nyumba, haimtoi kwenye deni. Kaka angekuwa Houston bila nyumba, lakini mimi nikichelewesha malipo mwezi mmoja, benki inamwandama yeye pia na alama zake za mkopo zinaharibika. Na kuna la pili. Mikataba mingi ya mikopo ya nyumba ina kifungu kinachoiruhusu benki kudai deni lote kwa mkupuo umiliki ukihamishwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982, iitwayo Garn–St Germain, inawakinga wanaohamishia nyumba mke, mume au watoto wao. Ndugu wa tumbo moja walio hai hawamo kwenye orodha hiyo. Hebu fikiria, tungejaza ile fomu ya mtandaoni, tukaisajili, tukala pilau kusherehekea.

Njia ambayo kila mtu alikuwa akinishauri ni kuchukua mkopo mpya kwa jina langu. Lakini mkopo wetu ulikuwa na riba ya chini ya asilimia 4, na mwaka 2024 mikopo mipya ilikuwa imepita asilimia 6. Wakili akasoma makaratasi yetu, akaona mkopo ni wa FHA, yaani ule unaowekewa bima na serikali ya Marekani. Mikopo hiyo inaruhusu mtu anayestahili kuubeba mkopo uliopo kwa riba ileile ya zamani, na yule anayetoka akaachiliwa kwa maandishi. Benki ilinikagua mshahara na madeni kama naomba mkopo upya, na ikachukua muda wake, kila mara wakitaka karatasi niliyokwisha kuwatumia. Wakili alisisitiza hati isipelekwe kaunti kusajiliwa mpaka barua ya kumwachilia kaka iwe mkononi. Kwa hili peke yake ningempa nyota tano.

Halafu akauliza nani ameoa. Kaka ana mke, wifi yangu, ambaye yuko Kisii akisubiri visa. Jina lake halimo popote kwenye nyumba. Lakini sheria ya Minnesota haikubali mwenye ndoa ahamishe nyumba ya makazi bila saini ya mwenzake, na hati lazima itaje hali ya ndoa ya anayetoa. Sisi Wakenya hili halitushangazi, maana ridhaa ya mke au mume tunaijua kutoka kule nyumbani. Kazi ilikuwa namna ya kuipata saini yake. Minnesota inakubali notari, yaani afisa anayeshuhudia saini, kwa njia ya video, lakini mfumo uliotolewa kwetu unamthibitisha mtu kwa maswali yanayotokana na historia yake ya mikopo Marekani, na wifi hajawahi hata kuishi huku. Ikabidi aende ubalozi wa Marekani, Gigiri, kwa miadi, dola 50 kwa muhuri mmoja. Alipanda basi la usiku na hati kwenye bahasha, pamoja na maagizo ya wakili kwamba asisaini mpaka awe mbele ya afisa. Maagizo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza cha kawaida kisicho na majigambo, nami nikampigia tukayapitia pamoja.

Mengine yalikwenda haraka. Wakili alitafuta hati ya zamani akanakili maelezo ya kiwanja neno kwa neno, namba ya loti na bloku, kwa sababu anwani ya barabarani haitoshi. Aliangalia pia kama kiwanja kiko kwenye mfumo wa usajili wa Torrens, ambao kaunti yetu ya Hennepin inao kwa wingi. Huko cheti cha sajili ndicho kauli ya mwisho, na anayezijua hatimiliki za Kenya ataelewa mara moja. Kiwanja chetu hakimo, kwa hiyo hatua zikapungua.

Jamaa mmoja alitushauri tuandike kwamba nyumba imetolewa kwa dola moja ili kukwepa ushuru. Wakili alikataa katakata. Malipo yakizidi dola 3,000, jimbo linataka cheti cha thamani kijazwe, na kudanganya humo ni kosa. Tena tulikuwa tukikwepa nini hasa? Ushuru wa hati kaunti ya Hennepin ni 0.0034 ya malipo, ambayo kwa dola 20,000 inakuwa dola 68. Kusajili ni dola 46. Aliyewahi kulipa asilimia 4 ya ushuru wa stempu kwa ploti ya mjini Kenya atacheka. Wakili alituambia pia kwamba kama sehemu ya kaka ina thamani kubwa kuliko nilichompa, tofauti inahesabiwa zawadi. Ikivuka kiwango cha mwaka, dola 18,000 kwa 2024, kaka anajaza fomu 709, ya kodi ya zawadi, ingawa kwa watu wa kima chetu kwa kawaida hakuna kodi ya kulipa.

Sasa malalamiko. Malipo ya saa yalipanda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila barua pepe kwa benki ilihesabiwa, hata ile ya mstari mmoja ya kuuliza mmefikia wapi. Baada ya mwezi wa kwanza nilimwomba barua za kukumbushia niandike mwenyewe, akakubali bila kinyongo, lakini angenipa chaguo hilo tangu mwanzo. Msaidizi wake hujibu simu akijisikia. Na hakuna aliyeniambia kwamba umiliki ukibadilika, mthamini wa nyumba kwa ajili ya kodi lazima ajulishwe ili nyumba iendelee kupata punguzo la kodi la mwenye kuishi humo. Niliokota hilo kwa jirani. Kwa ofisi inayofanya kazi hii kila wiki, sentensi moja kwenye barua ya mwisho ingetosha.

Nampa nyota nne. Kama mkopo umekwisha, wote mko Minnesota, na wenye ndoa wote wako tayari kusaini, fomu ya bure na notari wa benki yako huenda vikakutosha, ukishahakikisha maelezo ya kiwanja. Kukiwa na mkopo, au mwenzi aliye nje ya nchi, lipa wakili, na kabla hujasaini mkataba wake muulize barua pepe moja inagharimu kiasi gani. Hati ikishasajiliwa utaanza kupokea barua zenye nembo kama za serikali zikikutaka ulipe upate nakala ya hati yako. Zitupe, kaunti inakuuzia nakala hiyo kwa dola chache.