The Ex: panki ya Amsterdam iliyokataa kuzeeka

Kama hujawahi kuwasikia The Ex, usianzie mwanzo. Bendi hii ya panki, yaani roki ya kasi na ya hasira, ilizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1979, enzi za vijana waliokuwa wakiingia majengo matupu na kuhamia humo bila kumwomba mtu ruhusa, na albamu zao za kwanza ni kelele na hasira tupu. Nazipenda kiasi. Nyingi zinafanana.

Anza na Moa Anbessa ya 2006. Hapo wanapiga na Getatchew Mekuria, gwiji wa saksafoni wa Ethiopia aliyekuwa ameshavuka miaka 70, na mzee mwenyewe ndiye aliyewataka wawe bendi yake. Sifa yake kubwa ni kuchukua majigambo ya wapiganaji wa kwao, yale yaliyokuwa yakitolewa kwa sauti kabla ya vita, akayahamishia kwenye saksafoni. Utamu wa albamu hii ni kwamba hakuna anayejifanya mwenzake. Magitaa ya Terrie Hessels na Andy Moor yanabaki yaleyale yanayokwaruza, na mzee anajitapa juu yake bila haraka, noti moja akiitetemesha mpaka unadhani pumzi itamwishia. Kisha msikilize Katherina Bornefeld kwenye dramu. Hapigi ule mdundo wa panki wa kukimbia mbele tu. Anauzungusha, anagonga kengele pembeni, na kabla hujajua, mabega yameshaanza kucheza. Yumo kwenye bendi tangu 1984. Kwangu yeye ndiye sababu The Ex hawajachuja.

Maana misukosuko wameipata. Mwaka 2009 G.W. Sok, mwimbaji wao tangu siku ya kwanza, aliondoka, akaingia Arnold de Boer na gitaa lake. Ndiyo maana kwenye 27 Passports ya 2018 unasikia magitaa matatu na dramu, besi hakuna. Aliyezoea besi ya kukita kifuani ataona pengo. Ushauri wangu: usiisikilize kwa spika ya simu, itakuwa makelele matupu. Kwenye spika za maana utasikia gitaa moja likishika chini, mengine mawili yakigombana juu.

Ile Instant ya 1995, ya kubuni muziki papo hapo na wageni, mimi ilinishinda. Ni ndefu mno. Wapenzi wa jazi huria huenda wakanibishia, sawa tu.

Na ukikutana na 1936, The Spanish Revolution, ya mwaka 1986, nunua hata kama huna mashine ya santuri. Ni santuri mbili ndogo ndani ya kitabu kizima cha picha za wafanyakazi wa Hispania waliotwaa viwanda na mashamba wakaviendesha wenyewe. Nyimbo ni nne tu. Picha utazirudia mara nyingi zaidi.