AntConc kwenye mahojiano ya Kiswahili: uzoefu wangu wa miezi minne

Nilikuwa na mahojiano 22 ya wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero, yote nimeshayaandika neno kwa neno, na sijui nianzie wapi. Programu ya kulipia niliyoanza nayo ilijifunga siku muda wa majaribio ulipoisha, lebo nilizokuwa nimevipachika vifungu vya mahojiano kwa wiki mbili zikabaki humo humo. Mwalimu wangu akaniambia nijaribu AntConc, programu ya kompyuta ya kutafuta na kuhesabu maneno ndani ya maandishi.

Ni ya bure kweli. Imetengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, na ukishaipakua huhitaji intaneti tena, jambo kubwa kwa sisi tunaohesabu bando. Unaipa faili zako, unaandika neno, nayo inakuletea kila mahali lilipotajwa, mstari kwa mstari, neno lenyewe likiwa katikati na yaliyosemwa kabla na baada yake yakiwa pembeni.

Kiswahili kinataka ujanja kidogo. Ukitafuta "ambiwa" tupu utarudi mikono mitupu, maana mtu hasemi hivyo. Anasema tuliambiwa, hatujaambiwa. Andika *ambiw* na nyota pande zote mbili, yote yatakuja. Ila nyota hizo hizo ukiziweka kwenye *lim* ukitafuta habari za kulima, utaletewa pia walimu, kilima na ulimwengu. Kupepeta ni kazi yako. Na kabla ya kupakia faili, ongeza ritifaa (alama hii: ') kwenye mpangilio wa herufi zinazounda neno, la sivyo ng'ombe atahesabiwa maneno mawili, "ng" na "ombe".

Kilichonisukuma kuandika haya ni mistari ya *ambiw*. Nilipoipanga kwa neno linalofuata, ilijipanga hivi: tuliambiwa mbegu zinakuja, tuliambiwa tusubiri, tukaambiwa tuchimbe mifereji. Mistari 61, na aliyesema katajwa mara 9 tu. Mahojiano hayo nilikuwa nimeyasoma mara tatu, na kila mara macho yalipita tu, kwa sababu ndivyo tunavyoongea wote. Niliporudi kijijini nilimuuliza mzee mmoja, "Babu, nani aliwaambia?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, hilo hata sisi wenyewe hatujaulizana." Sura ya nne ya tasnifu yangu yote imesimama juu ya jibu hilo.

AntConc hukutafutia na kukuhesabia. Kupanga maana kwenye mafungu si kazi yake. Kwa hilo natumia Taguette, nayo ya bure: unapaka rangi kifungu cha maneno, unakipachika lebo, mwisho unatoa vifungu vyote vya lebo moja kwa pamoja. Hata mtu ambaye hajawahi kusimba data, yaani kuipachika lebo namna hiyo, ataielewa asubuhi moja. Lebo ya kwanza niliyoifungua humo niliiita "msemaji asiyetajwa", na mpaka leo ndiyo yenye vifungu vingi kuliko zote.