Riwaya sita za maktaba: ipi ununue, ipi uiache rafuni

Kila baada ya Jumamosi mbili huingia Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Naazima riwaya, naisoma kwenye daladala na usiku kabla ya kulala, narudisha, nachukua nyingine. Mimi si mwalimu wa fasihi wala mhakiki. Ni msomaji tu mwenye mshahara wa kawaida, na kitabu kipya ni pesa ambayo lazima niipangie tangu mwanzo wa mwezi. Ndiyo maana nimejiwekea utaratibu: nasoma kwanza cha maktaba, kisha kile nilichokirudisha kwa shingo upande ndicho ninachokwenda kukinunua.

Hizi sita ndizo nilizozisoma karibuni. Nimezipanga kwa namna ambavyo ningemshauri ndugu yangu aliyeshika hela ya kitabu kimoja tu mkononi.

1. Vuta N'kuvute, Shafi Adam Shafi

Anza na hii, usiulize mara mbili. Mkuki na Nyota waliitoa mwaka 1999, na hadi leo sijaona riwaya nyingine inayokuingiza ndani ya Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni kwa urahisi kama huu. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa bado mtoto kwa Bwana Raza, mwenye duka, mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Anakimbia ndoa, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, asiye na kitu zaidi ya chumba na moyo mkunjufu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana anayesakwa na polisi wa Mwingereza kwa sababu ya siasa zake.

Kilichonifanya niinunue si mapenzi ya Yasmin na Denge, ingawa nayo yanashika. Ni Mwajuma. Kila anapofungua mdomo unamsikia mtu kamili: anatania, anakemea, anaficha siri, anampikia mgeni huku hajui kesho atakula nini. Nilijikuta narudia kurasa zake kwa sauti, nikiwa peke yangu chumbani, ili tu nisikie Kiunguja kile kinavyotiririka. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, nami naipenda, lakini filamu ina muda wake na kitabu kina nafasi ya watu wengi zaidi. Kama umeishia kwenye filamu, bado una karamu nzima mbele yako.

Ukiipenda, fuatisha Kuli ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1979, inayosimulia maisha ya wapagazi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Sijaipa namba hapa kwa kuwa bado sijairudisha.

2. Nagona, Euphrase Kezilahabi

Najua wapo watakaoshangaa kuiona hapa juu. Ni kitabu chembamba sana, unaweza kukitia mfuko wa koti, na wengi walioisoma shuleni watakwambia hawakuelewa kitu. Mimi pia mara ya kwanza sikuelewa. Msimulizi anasafiri kuutafuta ukweli, anakutana na watu na sauti zinazomjibu kwa mafumbo, na hakuna ukurasa unaokushika mkono ukakuonyesha njia. Niliirudisha, wiki hiyohiyo nikaiazima tena. Mkutubi, mama mmoja mpole, akanitazama.

"Hiki si ulikileta juzi tu, mwanangu?"

"Ndiyo mama, lakini sijakimaliza."

"Hicho hakimalizwi," akasema, akagonga muhuri wa tarehe.

Alisema kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuinunua. Riwaya ya kusomwa mara moja, wiki mbili za maktaba zinaitosha. Nagona haitoshwi. Inataka ikae karibu na kitanda, uifungue ukurasa wowote, usome aya tatu, uifunge, ukae kimya. Ilitoka mwaka 1990, na mwenzake Mzingile akafuata 1991. Ukizikuta zote mbili kwa muuzaji mmoja, zichukue pamoja.

3. Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi

Mwandishi ni yuleyule, ila ungedhani ni watu wawili. Hii ya mwaka 1971 inasomeka kama maji. Rosa ni binti wa Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, anamlinda kwa kipigo na vitisho hata asijue namna ya kuzungumza na mvulana, kisha anamwachia aende masomoni, mbali na macho yake. Yanayofuata yaliwaudhi wakubwa kiasi cha riwaya kupigwa marufuku mashuleni Tanzania. Miaka ikapita, ikageuka kitabu cha kiada.

Na hapo ndipo penye tatizo la nakala ya maktaba. Niliyoazima mimi imepita mikononi mwa wanafunzi wengi. Pale Zakaria anapomwadhibu Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, ukurasa ambao moyo wangu ulikuwa unadunda, mtu ameandika pembeni kwa kalamu ya bluu: "malezi mabaya". Chini yake mwingine: "nafasi ya mwanamke, taja hoja 4". Ukurasa unaofuata umepigiwa mistari wote, hata viunganishi. Siwalaumu, walikuwa wanatafuta alama za mtihani. Lakini kitabu hiki kinastahili kusomwa bila mtu kukunong'oneza jibu. Nunua nakala safi. Ukishamaliza, mpe mzazi yeyote mwenye binti anayekua.

4. Peponi, Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis

Gurnah alizaliwa Zanzibar, akaandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwaka uliofuata Peponi ikatoka kwa Kiswahili. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, bila kuambiwa kwamba ndiye malipo ya deni la baba yake. Kisha unakuja msafara wa biashara kwenda bara, na hapo ndipo kitabu kinaponiteka: mizigo, wapagazi, hofu ya usiku, machifu wa kupewa hongo ili njia ifunguke, na Wajerumani wanaokaribia.

Mwanzoni niliogopa kwamba itanukia tafsiri. Haikunukia. Mazungumzo ya wafanyabiashara yamerudi nyumbani kwao, na kuna kurasa nilizosahau kabisa kwamba ziliwahi kuandikwa kwa lugha nyingine. Nimeiweka ya nne kwa sababu moja tu: mwendo wake ni wa taratibu, na anayetoka kazini amechoka anaweza kuiacha njiani. Kwa zawadi, hata hivyo, ningeitanguliza mbele ya zote. Inafaa hasa kwa ndugu aliye ughaibuni ambaye watoto wake wanaanza kusahau Kiswahili.

5. Kusadikika, Shaaban Robert

Ilichapishwa 1951. Karama anashitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia kuadhibiwa. Ni kifupi na kwa kawaida hakina bei kubwa. Kiswahili chake ni cha kusomwa polepole, maana sentensi moja ya Shaaban Robert inaweza kuwa na uzito wa methali. Nunua kama una watoto wa sekondari nyumbani, au kama unaandika na unataka sikio lako linyooke. Kama unatafuta hadithi ya kukukesha, azima tu.

6. Mzimu wa Watu wa Kale, Mohammed Said Abdulla

Hii iache maktaba, na nasema hivyo kwa heshima zote. Bwana Msa na kiko chake ndiye baba wa wapelelezi wote wa riwaya zetu, na hadithi hii ilishinda shindano la uandishi kabla ya kutoka kitabu mwaka 1960. Niliimaliza kwa siku mbili. Lakini utamu wa kitabu cha upelelezi uko kwenye kutojua, na ukishamjua muuaji, kitakaa kwenye rafu yako kikila vumbi wakati mtu mwingine maktaba anakisubiri.

Sasa, kuhusu kununua kwenyewe. Ukiwa Dar, duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Barabara ya Samora ndipo ninapoanzia kuulizia riwaya za Kiswahili. Vitabu vya zamani utavipata kwa wauzaji wanaopanga chini barabarani, nami nimenunua vingi vizuri kwao. Ila usilipe kabla ya kufungua. Mwaka jana nilinunua riwaya barabarani kwa bei ya kutupa, nikafika nayo nyumbani kwa furaha. Usiku nikagundua kwamba baada ya ukurasa wa 80 unakuja wa 97, na kwamba kurasa za 113 hadi 128 zimewekwa mara mbili. Ilikuwa nakala ya wizi, iliyochapwa kichochoroni, na mwandishi hakupata hata senti.

Tangu hapo nafanya mambo matatu nikiwa nimesimama palepale kwa muuzaji. Napitisha kidole gumba kwenye kurasa nikitazama namba zake, kwa sababu kurasa huchapwa na kukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo zikipotea hupotea fungu zima. Natazama kama wino uko sawa kutoka ukurasa hadi ukurasa, kwani nakala ya wizi mara nyingi huwa na kurasa zilizofifia kama fotokopi. Halafu nakifungua katikati, nakikunjua kidogo mgongo: gundi ikilia na karatasi zikaanza kuachia, nakirudisha kwa adabu na kuaga.

Kwa mwenye hela ya kimoja, ni Vuta N'kuvute. Kwa viwili, ongeza Nagona. Mimi mwisho wa mwezi huu nanunua Peponi, na Jumamosi ijayo narudisha Kuli, nikiweza.