Guangzhou kwa treni ya chini ya ardhi: uzoefu wangu wa kuutembea mji bila kiongozi

Wengi wetu tunaokwenda Guangzhou tunafuata mzigo, na mji tunauonea dirishani mwa teksi kati ya mitaa ya biashara ya Xiaobei na Sanyuanli. Ukibakiwa na siku mbili kabla ya ndege, usilipie basi la watalii. Treni ya chini ya ardhi inakushusha karibu na kila kinachostahili kuonwa, na nauli inaanzia yuan 2. Mimi naipa nyota tano, nikitoa nusu kwa ajili ya Laini 3 saa za watu kwenda na kutoka kazini: mlango unafunguka na hakuna pa kuweka mguu. Ipande baada ya saa nne asubuhi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, weka Alipay, programu ya malipo ya China, kwenye simu, ingiza pasipoti na kadi yako ya Visa au Mastercard, kisha uithibitishe hapo hapo. Anayengoja mpaka afike China mara nyingi hukwama, kwa sababu namba ya uthibitisho ya benki inatumwa kwenye laini ya simu ya nyumbani ambayo huko imezimika. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato. Yakizidi, unakatwa asilimia 3. Ramani ya Google usiitegemee, tumia Amap.

Kwenye mashine ya tiketi, bonyeza kitufe cha Kiingereza, chagua laini, kisha kituo unachokwenda. Itatoa kisarafu cha plastiki cha kijani. Kuingia, unakigusisha juu ya geti. Kutoka, unakitumbukiza kwenye tundu na geti linakimeza. Ukikipoteza unalipa tena, basi kiweke mfuko wa peke yake. Ipo pia tiketi ya siku nzima ya yuan 20, lakini katikati ya mji safari nyingi ni yuan 2 hadi 4, hivyo hairudishi pesa yake mpaka uzunguke kwelikweli. Mabegi yote yanapita kwenye mashine ya ukaguzi.

Siku ya kwanza ningeimalizia kituo kimoja tu: Yuexiu Park, Laini 2. Anza na makumbusho ya kaburi la mfalme wa Nanyue, dola ya kale ya huku, lililogunduliwa 1983. Angalia vizuri jina la tawi, maana makumbusho hayo yana sehemu mbili, na ile ya mabaki ya ikulu iko mbali kidogo, upande wa Beijing Road. Unashuka mpaka ndani ya kaburi lenyewe, vyumba vya mawe vyenye dari la chini. Kisha unakuta vazi la mazishi la mfalme Zhao Mo: vipande 2,291 vya jiwe la jade, vingine vidogo kama kucha, vimeunganishwa kwa nyuzi nyekundu za hariri. Usipite haraka penye meno matano ya tembo. Wataalamu wameyatambua kuwa ya tembo wa Afrika, nayo yalizikwa hapo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Kwangu hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote mjini. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, kwa hiyo panga siku nyingine.

Ng'ambo ya barabara ni bustani yenyewe. Panda ngazi hadi sanamu ya mbuzi watano, alama ya mji, kisha mnara wa Zhenhai wa mwaka 1380, ghorofa tano. Vaa viatu vya kutembelea, ni kilima. Kwa Waislamu, Msikiti wa Xianxian uko karibu, penye kaburi ambalo kwa mapokeo ya pale ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa vitabu vingi vinasema alizikwa Madina. Ijumaa utakutana na Waafrika wengi.

Mnara wa Canton Tower, mita 600, ndio unaonadiwa kuliko vivutio vyote, na hapo natofautiana na wengi. Tiketi ya kupanda inaanzia kama yuan 150, na hali ya hewa ikiwa na ukungu unaona weupe mtupu. Chungulia kilele kutoka chini kwanza; kama kimefichwa, usilipe. Usiku mnara unapendeza zaidi ukiwa mbali nao: simama kwenye daraja la watembea kwa miguu la Haixin, bure kabisa, taa zote zikiwa mbele yako na mto chini.

Siku ya pili, Laini 1 inatosha. Shuka Chen Clan Academy uone jumba la ukoo wa Chen la 1894. Tazama juu, kwenye kingo za paa, ambako vinyago vya udongo vimepangwa kama watu sokoni. Kiingilio yuan 10. Endelea hadi Huangsha, uvuke kwa miguu kwenda kisiwa cha Shamian, chenye majumba ya enzi za Waingereza na Wafaransa na miti mikubwa ya kivuli.

Dim sum, vitafunwa vidogo vya huku, nyingi zina nguruwe, hata zinazoonekana za mboga. Asiyekula atafute mgahawa wa tambi za Lanzhou wenye maandishi 清真 (halali) mlangoni.

Oktoba hadi Desemba ndiyo nzuri, ila maonyesho ya Canton Fair yakianza katikati ya Oktoba bei za hoteli hupanda mno. Weka nafasi ya chumba mapema, au njoo baada ya wiki ya kwanza ya Novemba.