Ruta yenye tundu la simu: kabla hujatoa hela angalia hii

Haya wadau, habari za saa hizi, tupo tena hapa Mwanga, Kigoma, na leo nimeweka mezani ruta mbili na kidude kimoja kidogo cha pembeni ambacho ntakifikia. Mada ni ruta ya waifai ya nyumbani yenye tundu la simu ya mezani. Mnaniuliza sana hili, hasa nyie wa maduka ya jumla, wa dagaa na mawese huko Kibirizi na Ujiji, mnataka namba moja ya duka ikae kaunta, yeyote aliyepo apokee oda, maana namba ikikaa kwenye simu ya bosi na bosi kavuka ziwa kaenda Kalemie, basi na oda zimevuka naye.

Ngoja nigeuze hapa nyuma muone. Haya matundu mapana ni ya waya wa netiweki, RJ-45, pini nane. Halafu hili dogo limejibana pembeni, limechorwa kasimu juu yake, hili ndo RJ-11, ukisukuma kichwa cha waya wa simu kinaingia kinalia tak. Sasa shida ni kwamba hicho kichwa chembamba kinaingia hata kwenye tundu pana, kinachezacheza mle ndani na kinaweza kupinda zile pini za pembeni, mtu anainua mkonga hasikii kitu anaanza kusema kauziwa ruta mbovu.

Na sio kila tundu dogo ni la simu jamani. Ruta za zamani za ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, zina tundu dogo hivi hivi limeandikwa DSL au LINE, hilo linapokea waya unaotoka kampuni ya simu, ukichomeka simu yako hapo ni kazi bure. Wewe tafuta palipoandikwa PHONE au TEL, na kwenye karatasi ya maelezo wanaita FXS. FXS ndo inayoilisha simu umeme na kuipigia kengele. Kuna nyingine inaitwa FXO, hiyo ni kinyume, yenyewe inakaa kama simu inasubiri kulishwa. Herufi moja tu hiyo lakini ukikosea umenunua pambo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo muuzaji hakuulizi, na kwangu ndo swali lenyewe: sauti yako itapita wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza sauti inapita kwenye laini ya simu iliyopo ndani ya ruta, kama simu yako ya mkononi tu, dakika zinakatwa kwenye dakika zako. Ya pili sauti inapita kwenye intaneti kwa mtindo wa SIP, hapo lazima uwe na akaunti kwa kampuni inayotoa huduma hiyo, wanakupa jina la seva, jina la kuingilia na paswedi, unavijaza kwenye menyu ya ruta. Ruta nyingine zina njia ya kwanza tu, nyingine ya pili tu, na boksi lote limeandikwa "Voice" kwa herufi kubwa.

Mfano hii hapa, TP-Link TL-MR6500v, ni ya 4G, ina tundu moja la simu, na inakubali zote, VoLTE na CSFB ambazo ni za laini, na VoIP ambayo ni ile ya intaneti. Hapo kwenye CSFB nisimame kidogo. VoLTE maana yake simu inapigwa ndani ya 4G yenyewe. Kama mtandao wako hauruhusu VoLTE kwenye ruta hiyo, simu ikiingia ruta inashuka 3G au 2G ili uongee, hiyo ndo CSFB, na ikishuka inashuka na intaneti ya nyumba nzima! Yaani wewe unaongea na mteja, dogo chumbani video imeganda, mwenye kutuma risiti kakwama, mpaka ukate simu. Kwa hiyo kabla ya kununua waulize watu wa mtandao wako maswali mawili, VoLTE inafanya kazi kwenye ruta au kwenye simu za mkononi tu, na hii laini ya intaneti nayotumia ina uwezo wa kupiga simu au ni ya data peke yake. Laini ya data peke yake ukiiweka humu tundu la simu litakuangalia tu.

Halafu hiyo ruta waifai yake ni ya masafa ya 2.4 GHz tu. Kwa duka na nyumba ya kawaida ya tofali za kuchoma inatosha kabisa, 2.4 inapenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz, ila kama umezungukwa na waifai za majirani utaikoma.

Tuje kwenye SIP. Watu wanaogopa bando litaisha, haliishi hivyo. Kodeki, yaani namna ya kufunga sauti ipite kwenye intaneti, ya G.711, ambayo sauti yake ni nzuri kama simu ya waya, inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi, piga hesabu saa nzima ya maongezi ni kama MB 78. Ukiweka G.729 inashuka mpaka kama MB 28 kwa saa, sauti inakuwa kavu kidogo lakini mteja anaelewa gunia ngapi. Kinachoua simu ya intaneti ni kuchelewa. Kipimo cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ni kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, ikizidi sana mnaanza kukatishana, "haloo... haloo... sema wewe". Kwa hiyo kwenye ruta tafuta kitu kinaitwa QoS, kinachoipa sauti kipaumbele mtu mwingine akianza kupakia mavideo. Na kama sauti inasikika upande mmoja tu, ingia kwenye menyu tafuta SIP ALG, kipengele cha ruta kinachoingilia simu za SIP, uizime, mara nyingi mchawi ni huyo.

Namba je? Namba ya SIP inatoka kwa kampuni yenye leseni ya TCRA, ruta haizai namba. Kama unataka ile ya mezani ya huku kwetu inayoanza na 028 waulize hao hao kama wanayo. Na hapana, dada yangu uliyeniandikia inbox, simu ya mezani haitapiga WhatsApp kupitia hilo tundu.

Haya, mitumba ya Ulaya. FRITZ!Box mnaziona mnazipenda, na kweli nyingi zina matundu ya simu na zinashika simu zisizo na waya za DECT bila kitako kingine. Lakini ikiwa ya soko la Ujerumani unaweza kukuta menyu yote ya Kijerumani, plagi yake haiingii soketi zetu za pini tatu, na nyingi zimetengenezwa kwa DSL kwa hiyo lazima uibadilishe ipokee intaneti kwa tundu la LAN. Na ruta yoyote iliyotoka kwa kampuni ya intaneti, ya huku au ya nje, inaweza kuwa imefungwa, ile sehemu ya kujaza SIP huioni kabisa au unaiona haigusiki. Omba ufunguliwe menyu dukani, muuzaji akianza kuzungushazungusha maneno ondoka.

Umeme sasa. Ile simu ya waya ya zamani ilikuwa inapata umeme kutoka kwenye waya wa kampuni, taa zikizima inaendelea kulia. Hii ya ruta, umeme ukikatika ruta inazima na simu imekufa nayo. Angalia chaja, nyingi ni volti 12, ampea 1 au 2, nunua UPS ndogo ya DC, yaani betri ya akiba ya ruta, inayolingana. Usiingie mkataba wa namba ya duka bila hiyo.

Kidude sasa. Hiki ni Grandstream HT802, hakina waifai, kina matundu mawili ya FXS, kinachomekwa kwenye ruta yoyote uliyonayo, kwa SIP. Kusema ukweli kama ruta yako ya sasa iko poa mimi ningenunua hiki niache kubadilisha ruta, ikifa ruta unabadilisha ruta, simu inabaki. Ya tundu moja ni HT801.

Na yule wa lodge ya Gungu anayetaka simu kila chumba, kaka, hizi zote sio zako, tundu moja ukiligawa vyumba kumi zitalia zote kwa pamoja, kama zitalia. Wewe unahitaji PBX, mtambo wa kugawa simu za ndani kila chumba na namba yake, ntaitengenezea video yake.

Maswali weka chini, ila niandikie modeli kamili iliyo kwenye stika ya chini ya ruta, sio "ile nyeupe yenye antena mbili".