Kalibu ya Keki yenye Umbo la Sungura: Tathmini Baada ya Keki Tatu

Kalibu ninayoitathmini hapa ni ya alumini nzito ya kusubu, yenye nusu mbili zinazofunikana kama kombe za chaza, na ndani yake limechongwa umbo la sungura aliyeketi, masikio yakiwa wima. Nimeitumia mara tatu, zote kwa keki za siku ya kuzaliwa za watoto, na keki ya kwanza haikufanana na sungura wala na mnyama mwingine yeyote ninayemfahamu. Hukumu yangu naitanguliza: chombo chenyewe ni kizuri, kijitabu cha maelekezo kilichofungashwa nacho ni kibaya, na anayekinunua kwa matumaini ya kupunguziwa kazi atajuta, kwa sababu kalibu humwondolea mpishi kazi ya kuchonga tu, kisha humpa kazi nyingine mbili ambazo keki ya kawaida haina, yaani kuitoa keki bila kuivunja na kuisimamisha bila kuanguka.

Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa. Nusu yenye uso hulazwa chini na kujazwa rojo, nusu ya mgongo hufunikwa juu yake ikiwa tupu, na keki inapoumuka hupanda hadi kuijaza. Mgongoni pameachwa tundu dogo la kutolea mvuke, na hilo ndilo pia njia ya kupitishia kijiti kirefu cha kupimia kama keki imeiva katikati, jambo ambalo macho hayawezi kuliona wakati kalibu imefungwa. Kwa kuwa tumbo ni nene mara nne au tano kuliko sikio, joto kali halifai: oveni ikiwa na nyuzi 180, masikio hukauka kabla tumbo halijaiva. Mimi huoka kwa nyuzi 160 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, na wakati mwingine huongeza dakika kumi, huku nimeiweka kalibu juu ya trei pana ili kama rojo litavuja lisidondokee sakafu ya oveni.

Kuvuja huko ndiko kulikonifanya nigombane na kijitabu. Mapishi yaliyomo ni ya keki nyepesi ya mayai yaliyopigwa hadi yakatoa povu, na mpishi anaambiwa amimine rojo lote. Nilipoipima kalibu baadaye kwa maji, nusu ya uso ilibeba lita 1.1 hadi ukingoni, ilhali rojo la mapishi yale lilikaribia lita moja na nusu. Matokeo yake, nusu ya juu iliinuliwa na keki, rojo likamwagika, moshi ukajaa jikoni, na kilichosalia kilikuwa laini mno kiasi kwamba sikio la kushoto lilibaki ndani ya kalibu wakati mwili umekwisha kutoka. Mtu anayenunua kalibu ya umbo lolote aipime kwanza kwa maji, kisha ayaamini maji kuliko kijitabu.

Keki inayofaa hapa ni ile nzito ambayo wapishi wa zamani waliipima kwa ratili moja moja ya unga, siagi, sukari na mayai. Gramu 225 za kila kimoja, ambazo kwa upande wa mayai ni kama manne makubwa, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, hutoa rojo la kutosha nusu ya uso bila kufurika. Chembe zake hushikamana, nayo hubeba uzito wake yenyewe. Kabla ya kufunika, hulaza kijiti cha mishikaki katika kila sikio na viwili shingoni, nikivizamisha kabisa ndani ya rojo, kisha huzifunga nusu mbili kwa uzi mnene wa pamba ili keki isipate nafasi ya kusukuma kifuniko.

Sehemu inayoamua kila kitu, hata hivyo, ni upakaji wa mafuta, na hapa sitafanya haraka. Siagi inayopakwa kwa karatasi, kama tunavyozoea kwa trei za duara, haifiki kwenye mikunjo ya makucha wala kwenye ncha za masikio. Nilichoona kinafanya kazi ni uji mzito wa mafuta ya kupikia, mafuta magumu na unga wa ngano kwa vipimo sawa, unaopakwa kwa brashi nyembamba hadi kusiwe na doa la alumini linalong'aa. Upakwe dakika chache tu kabla ya kumimina, kwa maana ukikaa huteremka na kujikusanya puani, na keki hutoka ikiwa na pua yenye mashimo. Katika keki ya pili nilipaka vizuri lakini nikaharakisha kufungua, na uso ulichanika kwa sababu keki ya moto haina nguvu; katika ya tatu nilisubiri dakika 15, nikaondoa nusu ya mgongo, nikasubiri tena dakika tano mvuke utoke, ndipo nikaipindua juu ya waya wa kupozea. Sungura alitoka mzima, mpaka na ndevu zake. Sikumsimamisha hadi alipopoa kabisa, na kabla ya hapo nilimkata kitako kwa kisu chenye meno ili akae sawasawa.

Baada ya furaha hiyo hufuata jambo ambalo muuzaji halitaji: mapambo huyafuta yale yote yaliyochongwa. Nilitumia krimu ya gramu 250 za siagi na 500 za sukari ya unga, tabaka jembamba kwanza la kufunga chembe, nusu saa kwenye friji, kisha manyoya ya nyota ndogo ndogo kwa nozeli, yaani ncha ya mfuko wa kukamulia krimu, moja baada ya nyingine, kwa karibu saa tatu, nikiurudisha mfuko kwenye friji kila joto la kiganja lilipoilegeza siagi. Sungura alipendeza, lakini makucha na ndevu nilizozihangaikia zilikuwa zimezikwa chini ya krimu. Fondanti, yaani donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati na kufunikwa juu ya keki, ni mbaya zaidi, kwani hupasuka baina ya masikio na kujikunja shingoni. Kinachoionyesha kazi ya mchongaji kwa uaminifu ni sukari ya unga iliyochekechwa juu yake, na matone mawili ya chokoleti kwa macho. Mtoto anayetaka sungura wa rangi ya waridi hataridhika na hilo, na ni haki yake.

Kwa anayeoka sungura mmoja tu maishani, keki mbili za duara zinatosha: moja huwa uso, ya pili hukatwa pande zake mbili zikawa masikio, na kipande cha katikati kinachobaki kikawa tai ya shingoni. Sungura huyo hulala chali kwenye ubao, wala hana hatari ya kuanguka. Kalibu nampendekezea yule anayejua ataitumia tena na tena, na aliye tayari kuiosha kwa mkono, kwa kuwa sabuni kali za mashine ya kuoshea vyombo huitia alumini weusi.

Ukataji nao una adabu yake. Watoto hawapendi kuona kichwa kikianza kuondoka, hivyo mimi huanza mgongoni, kisu kikishuka wima. Vijiti vya meno sivitumii kabisa kushikizia masikio na shingo, kwa sababu ni vifupi na hupotea ndani ya kipande. Vile vya mishikaki vilikuwa vinne. Nilivichomoa na kuvipanga mezani, nikavihesabu vyote vinne, ndipo sahani ya kwanza ikaenda kwa mwenye siku yake.